Kwa nini seli ya kitunguu haina kijani: shajara ya Jumamosi zetu, Tanga

Shajara hii naiweka ili mwalimu mwingine, au mzazi yeyote mwenye hadubini na baraza, aweze kuifuata. Sisi ni kikundi cha Jumamosi: watoto kumi na mmoja wa darasa la saba na kidato cha kwanza, nyumbani kwangu Chumbageni, Tanga mjini. Hadubini yetu ni ya mtumba, ile ya kioo cha kuakisi jua, na inakuza mpaka mara 400. Bei yake haimo katika gharama nitakazoandika. Hatua nyepesi nitazipita mbiombio. Tulipokosea nitakaa, maana wiki zetu nyingi ziliishia huko.

Jumamosi, 12 Aprili 2025

Tulianza pale wanapoanza wote: ngozi laini ya ndani ya kitunguu maji, tone la maji, kioo chembamba cha kufunikia juu. Saa nzima ya kwanza ilipotea. Watoto watano walichora kwa bidii miviringo yenye kingo nene nyeusi wakiiita seli, na mimi nikaweka alama ya vema kwenye michoro miwili kabla sijainama kutazama mwenyewe. Vilikuwa viputo vya hewa. Dawa yake: usikilaze kioo cha kufunikia kwa mkupuo. Kigusishe upande mmoja ukingoni mwa tone, kiegemeze kwenye ncha ya sindano, kisha kishushe polepole ili hewa ikimbilie upande wa pili. Tulipofanya hivyo seli zikajitokeza, ndefu, zimepangana kama matofali, na tulipotia rangi kila moja ikaonyesha kiini chake. Rangi ilikuwa ile dawa ya zambarau ya vidonda vya mdomoni, iliyokuwamo kabatini, tone moja kwenye kijiko cha maji.

Ukutani nina picha kubwa ya seli ya mmea, mkono wangu mwenyewe, nimeichora miaka mitatu iliyopita. Ina kiini, ukuta, na vidonge saba vya kijani. Binti mmoja wa kidato cha kwanza alitazama hadubini, akatazama ukuta, akarudi kwenye hadubini. "Mwalimu, kitunguu si mmea? Mbona hakina hata kidonge kimoja cha kijani?"

Nikamjibu papo hapo: kwa sababu kitunguu kinakaa ardhini, hakuna mwanga. Akaandika kwenye daftari. Kijana aliyekaa pembeni yake, ambaye bibi yake analima vitunguu, akasema kitunguu kikikomaa bega lake lote liko juu ya udongo. Sikuwa na la kumwambia.

Gharama: slaidi na vioo vya kufunikia Sh 15,000, kitunguu Sh 300, wembe Sh 500.

Jumamosi, 19 Aprili

Wiki nzima nilisoma. Nilichokuja nacho ni hiki. Kloroplasti, vile vidonge vyenye klorofili, ambayo shule ya msingi tuliiita umbijani, ni mmoja tu katika ukoo wa viungo vinavyoitwa plastidi. Seli changa kabisa ya mmea, iliyo kwenye ncha ya chipukizi au ya mzizi, haina kloroplasti. Ina plastidi changa, ndogo, zisizo na rangi. Seli inapokua na kupata kazi yake, plastidi zile nazo hupata kazi: kwenye jani huwa kloroplasti, kwenye kiazi huwa ghala za wanga, kwenye tunda lililoiva hubeba rangi nyekundu au ya machungwa. Mjerumani Andreas Schimper alilisema jambo la msingi mwaka 1883: plastidi haiumbwi upya na seli, hutokana na plastidi nyingine iliyojigawa. Ndiyo maana hata seli isiyo na kijani huzitunza. Ikizipoteza zote, haina pa kuzipata tena.

Basi nikawaahidi watoto kwamba ndani ya kitunguu tutawaona ndugu wa kloroplasti, wale wa wanga, kwa kuwatilia iodini. Iodini ikikutana na wanga hugeuka buluu iliyokolea hadi nyeusi.

Tulitia. Kiini kikawa njano. Hakuna buluu. Tukaongeza, tukasubiri, hakuna. Nikahukumu kwamba dawa imepitwa na muda, nikamtuma kijana duka la dawa akanunue chupa ya pili. Nayo vilevile. Mama aliyekuwa jikoni ndiye aliyetuletea punje za wali wa jana kwenye kisosi. Tone kutoka chupa ya kwanza: nyeusi. Tone kutoka ya pili: nyeusi. Dawa zote mbili zilikuwa nzima. Kitunguu ndicho kisicho na wanga. Chakula chake hukiweka kama sukari, na ndiyo maana kikikaangwa taratibu hugeuka kahawia na kuwa kitamu. Anayefuata shajara hii aanze na punje ya wali kabla ya kuilaumu dawa. Atabakiwa na Sh 3,000 zake.

Tulihamia kwenye mbatata, viazi mviringo vya Lushoto. Kwangua kidogo kwa ncha ya wembe, majimaji yale meupe yatosha. Kabla ya iodini zilionekana punje angavu kama changarawe za ufukweni baada ya mvua, na baada ya tone moja zote zikawa buluu. Ndizi mbichi ni nzuri zaidi, punje zake kubwa na ndefu ndefu. Yule binti alihesabu punje ndani ya seli moja ya kiazi, akafika ishirini na kitu akaacha.

Gharama: iodini chupa mbili Sh 6,000, fungu la viazi Sh 1,000.

Jumamosi, 26 Aprili

Fupi, na si njema. Wiki iliyopita nilitaka kuonyesha kwamba ghala ya wanga inaweza kugeuka kloroplasti ikipata mwanga, nikaviweka viazi viwili juu ya bati la banda la kuku, penye jua lote la Tanga. Kimoja kilisinyaa, kingine kililainika upande mmoja na kutoa maji yanayonuka. Bati lile mchana huwezi kuliwekea kiganja. Viazi vilipikwa, havikupigwa mwanga.

Tumeanza upya: viazi vitatu kwenye kidirisha cha barazani, kivulini lakini penye mwanga wa kutosha, vitatu ndani ya boksi la viatu lililofungwa kwa kitambaa cheusi, na kiazi kitamu kimoja kando ya vile vya dirishani. Pia choroko kwenye pamba, sahani moja mwangani, nyingine ndani ya boksi la pili.

Gharama: viazi Sh 1,000, choroko Sh 1,000.

Jumamosi, 10 Mei

Choroko kwanza, maana zilitusumbua. Za boksini zilitakiwa ziwe njano. Tarehe 3 tulipofungua zilikuwa za kijani kibichi, dhaifu lakini kijani. Nikashangaa, mpaka aliyepewa zamu ya kumwagilia akaeleza, kwa adabu zote, kwamba kila alasiri alikuwa anafungua boksi hapo barazani na kuzitazama kwa muda kama zimekua. Kosa ni langu, sikumwambia kwamba hata dakika chache za mwanga zinatosha kuanzisha kazi. Tulipanda nyingine Jumatatu tarehe 5, pamba ikaloweshwa sana mwanzoni, na aliyetaka kuongeza maji aliongeza usiku, taa imezimwa.

Leo saa tatu asubuhi tumefungua. Mashina marefu meupe, majani madogo ya njano yamekunjana. Nikawaambia wasiondoke. Kwa mimea ya maua, hatua moja ya mwisho katika kutengeneza klorofili hufanyika kwa mwanga tu: malighafi ipo tayari ndani ya plastidi, imekaa inasubiri. Saa nane mchana njano ilikuwa imeanza kuiva kuelekea kijani, na magharibi, walipokuwa wanakwenda nyumbani, hakuna aliyehitaji kuambiwa.

Viazi: vile vya boksini havikubadilika. Vya dirishani vimekuwa kijani upande ule tu uliotazama nje, na kimoja kina alama nyeupe pale kilipokuwa kimeegemea nondo ya dirisha. Tulikata ukanda mwembamba chini ya ganda. Hapa kuna kitu ambacho sitakisahau. Kwenye baadhi ya seli, punje ya wanga ilikuwa ingali katikati, angavu vilevile, na pembeni yake ukungu wa kijani umeizunguka kama ute unavyozunguka kiini cha yai. Plastidi ileile, ghala bado halijaondoka na kiwanda kimeshaanza kujengwa.

Ukanda mwembamba ulitupa taabu. Tulianza na kisu na kila kipande kilikuwa giza tupu. Kinachofaa ni wembe mpya, na kipande cha kiazi ukibane kati ya nusu mbili za karoti, ukate vyote pamoja, maji yakiwa juu ya wembe. Vipande tisa utavitupa, cha kumi kitaangaza.

Kiazi kitamu cha dirishani hakikubadilika. Mbatata ni shina lililonenepa chini ya ardhi, kiazi kitamu ni mzizi, na mzizi haukubali kirahisi kugeuka kijani. Hapo jibu langu la mwanga lilianza kuchechemea.

Tahadhari kwa atakayerudia: viazi vilivyokuwa kijani visiliwe. Pamoja na kijani kile hutengenezwa sumu, solanini, na kuchemsha hakuiondoi. Sisi tumevipanda nyuma ya nyumba.

Jumamosi, 17 Mei

Leo jibu langu la tarehe 12 Aprili limekufa rasmi, na nimewaomba watoto walifute kwenye madaftari.

Tulichuma Commelina, lile gugu la maua madogo ya buluu linaloota kando ya mfereji masika haya. Jani likivunjwa na kuvutwa polepole, ngozi ya chini hutoka safi kama nailoni. Jani hili lilikuwa juani, kijani kabisa. Chini ya hadubini seli za ngozi yake zilikuwa wazi, hazina kijani, zafanana na za kitunguu. Ni pale penye vinyweleo tu, tundu zinazopitisha hewa, ambapo kila tundu lilikuwa na seli mbili mfano wa maharage yaliyotazamana, na hizo ndizo zilizokuwa na vidonge vya kijani.

Maana yake ni kwamba mwezi mzima tulikuwa tunatazama ngozi na kuitolea hukumu ya kitunguu kizima. Ngozi ya mmea, iwe ya kitunguu kilicho gizani au ya jani lililo juani, kwa kawaida ni angavu. Kwa mimea mingi plastidi zake ni chache, ndogo, zilizofifia. Kazi yake ni kuzuia maji yasipotee na kupitisha mwanga kwenda kwenye seli za ndani zilizojaa kloroplasti. Kijana mmoja akasema ni kama lile bati la kupitisha mwanga wanaloweka sebuleni mtu asiwashe taa mchana. Ndivyo hasa. Ukilipaka rangi ya kijani, umeziba.

Mwingine akauliza kwa nini basi mmea usiweke kloroplasti kila mahali, akiba haiozi. Nilikuwa nimejiandaa kwa hili. Kloroplasti ni ghali. Kwenye mimea mingi kama mpunga na ngano, karibu robo tatu ya naitrojeni yote ya jani imo ndani ya kloroplasti, na kila mkulima ajuaye bei ya mfuko wa urea anajua naitrojeni haiokotwi. Isitoshe, klorofili inayopokea mwanga bila kuwa na mahali pa kuupeleka huzalisha aina za oksijeni zinazoiunguza seli. Kuiweka pasipo na kazi ni hasara, na wakati mwingine ni hatari.

Saa iliyobaki tulichukua mkonge, maana huwezi kuwa Tanga ukazungumza jani bila mkonge. Mimea iliyofikishwa hapa na Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo Mjerumani, mwaka 1893 ilikuwa 62 tu iliyosalia hai, na kutoka hiyo mashamba yote yakaenea. Nilitaka waone uzi wa katani: seli zilizonenepesha kuta zake, zikamaliza kazi ya kujenga, zikafa. Seli iliyokufa haina kloroplasti wala kiini, imebaki ukuta, na ukuta huo ndio kamba. Tulikwangua kwa kisu mikono mitupu. Baada ya dakika kumi watoto wanne walikuwa wanajikuna mpaka viwiko. Kwenye slaidi tukaona sababu: sindano ndogo sana, zimefungwa vifurushi, ambazo mmoja alilia kwamba ni minyoo. Ni fuwele za kalsiamu oksaleti, silaha ya mmea wenyewe. Tuliosha kwa maji mengi, mwasho ukaisha jioni. Vaeni glavu.

Gharama: glavu Sh 1,000, zilizonunuliwa baada ya kuumwa.

Jumamosi, 31 Mei

Kama mwanga peke yake hautoshi kutoa kijani kwenye ngozi, je, mzizi hauwezi kabisa kuwa na kijani? Mwezi uliandama siku chache nyuma, maji ni ya bamvua, tukaenda Sahare kwenye mikoko kabla maji hayajarudi.

Mchu una mizizi inayochomoza juu ya tope, wima kama penseli, ili upate hewa. Mikoko ni hifadhi, hatukukata kitu. Tulitafuta mzizi uliovunjwa na mkuku wa ngalawa. Mzee mmoja aliyekuwa anatengeneza dema lake akatuuliza tunatafuta nini. Tulipomwamkia na kumweleza, akachukua kipande, akakikwangua kwa ukucha wa dole gumba mara mbili, akamnyooshea binti yule wa swali la kwanza. "Tazama mwanangu, ndani yake chanikiwiti. Sisi twaona kila siku."

Chini ya ganda la kahawia palikuwa na tabaka la kijani, jembamba, halina shaka. Nyumbani tulilikata kwa njia ya karoti tukaona kloroplasti zenyewe, zimejaa seli za pembezoni, na kadiri tulivyosogea katikati zikapungua mpaka zikaisha. Kipande cha sehemu iliyokuwa ndani ya tope kilikuwa cheupe.

Kwa hiyo tuna ngozi ya jani, iliyo juani na haina kijani, na mzizi, uliotoka topeni nao una kijani. Watoto waliviandika viwili hivi kwenye ukurasa mmoja, kushoto na kulia, na binti akaandika katikati: "kazi yake ni nini, na mwanga anaupata?" Sikumwelekeza.

Gharama: nauli za daladala Sh 6,000.

Jumamosi, 14 Juni

Pilipili hoho inayoiva: kipande cha sehemu ya kijani kina kloroplasti, cha sehemu nyekundu kina punje nyekundu, na pale mpakani seli moja ina zote mbili. Ilikwenda vizuri mara ya kwanza, sina la kuongeza.

Jaribio la mizizi ndani ya glasi halikwenda vizuri. Tulisoma kwamba kwenye mmea mdogo wa maabara uitwao Arabidopsis thaliana, ukikata sehemu ya juu, mizizi iliyo mwangani huzidi kuwa kijani. Homoni ya oksini inayoshuka kutoka kwenye chipukizi ndiyo huizuia, na ikikoma kushuka kizuizi hulegea. Tulitaka kuona kama choroko nazo zitafanya hivyo. Glasi tano zilikatwa vichwa, tano hazikukatwa. Baada ya siku sita mizizi saba kati ya kumi ilikuwa imeoza, maji yamekuwa na utelezi. Hatukubadilisha maji. Mara ya pili tulibadilisha asubuhi na jioni, na tuliona kijani hafifu karibu na shingo ya mizizi, kwenye zilizokatwa na kwenye zisizokatwa, hata siwezi kusema zipi zimezidi. Siliandiki kama limefaulu. Atakayejaribu atumie vyombo vingi zaidi, na awe na picha za kila siku. Sisi tulitegemea macho na kumbukumbu.

Picha ya ukutani nimeiteremsha. Watoto wameziunganisha karatasi mbili za manila na kuchora mmea mmoja mzima, mzizi hadi ua, na kutoka kila sehemu wamevuta mstari hadi kwenye seli yake: ngozi ya jani tupu, mlango wa kinyweleo wenye vidonge vichache, seli za ndani ya jani zilizosheheni, uzi uliokufa, kiazi chenye wanga, hoho yenye punje nyekundu. Ncha ya mzizi wameipaka plastidi changa kwa penseli tu, bila rangi, na pembeni wameandika "bado".

Gharama: hoho Sh 700, manila na gundi Sh 1,500. Jumla tangu tuanze, Sh 34,000.

Viazi vya kijani tulivyopanda nyuma ya nyumba vimechipua. Jumamosi ijayo tunachukua ngozi ya jani lake la kwanza.